Nani Anamdai Nani Maktabani?

Hebu tumchukue mwanafunzi wa jiografia, mwaka wa tatu, anayetaka kuandika kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji. Ni msitu wa mikoko mkubwa kuliko mingine yote Afrika Mashariki, na uko ndani ya nchi yake. Anaingia maktaba ya chuo, anakaa kwenye kompyuta, anatafuta. Makala zinamiminika. Anabofya ya kwanza, anapata muhtasari wa mistari kumi, na chini yake bei: dola 30 na kitu. Kwa mwanafunzi wa hosteli hiyo ni hela ya kula siku nyingi tu. Jirani yake anamnong'oneza: "Pitia Sci-Hub, ipo bure." Anapitia, anaipata, anaisoma mpaka usiku.

Je, ameiba?

Swali hili wapenzi wa vitabu tunalikwepa, kwa sababu wengi wetu tuna mafaili kwenye simu ambayo hatutaki kuulizwa tuliyatoa wapi. Lakini tulijibu kwa haki, tukianza na upande usiopendwa.

Wanaosema ni wizi wana hoja. Kuchapisha jarida kuna gharama: kuna watu wa kupokea makala, kuihariri, kuipanga, kuitunza kwenye mitambo isipotee. Kuna sheria na mikataba. Sci-Hub, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan, ilishtakiwa na mchapishaji Elsevier, na mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru alipwe dola milioni 15. Tena ipo milango halali. Kupitia Research4Life, mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji wameruhusu vyuo vya nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida mengi bure au kwa ada ndogo. Wakutubi wetu huyatangaza haya kila mwaka, na tuseme ukweli, wanafunzi wengi hawafiki hata kwenye dawati la mkutubi kuuliza.

Hoja hizo nazikubali, ila haziishii pazuri. Kwa kawaida mwandishi wa makala halipwi na jarida, na wataalamu wanaoihakiki kabla haijatoka hawalipwi pia. Utafiti wenyewe mara nyingi umeendeshwa kwa fedha za umma. Na ule mlango halali hufunguka kwa jina la taasisi. Siku unapomaliza chuo, nenosiri linakufa. Mwalimu wa sekondari wa Kibiti au mwandishi wa habari kama mimi tunabaki nje, tukisoma mihtasari.

Bado lakini tunazungumzia bei tu. Mimi naona kuna swali linalotangulia lile la wizi, nalo ni la deni: makala ile ilipatikanaje?

Mtafiti alifika delta akapokelewa. Akapewa mtu wa kumpitisha kwenye vijito kwa mtumbwi, maji yakijaa na kupwa. Mtu huyo ndiye aliyemwonyesha huu ni mchu, huu mkandaa, ule pale msinzi. Upi unafaa kwa boriti, upi kwa kuni. Wakulima wa mpunga wakamweleza kwa nini wanafyeka mikoko, wakijua fika kwamba maelezo hayo yanaweza kuwarudia vibaya. Wakamjibu dodoso la kurasa kadhaa, wakaacha shughuli zao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni amekuja, ameandika, amepata shahada na cheo. Mwenyeji amepona nini? Mjukuu wake akitaka kusoma alichosema babu yake, anaambiwa alipie kwa dola.

Kwa wanajiografia jambo hili ni la zamani kuliko intaneti. Ramani nyingi za kwanza za kisasa za nchi zetu zilichorwa kwa ajili ya jeshi na utawala wa kikoloni. Baada ya vita ya pili ya dunia, mwaka 1946, Waingereza waliunda idara maalumu ya kupima makoloni, na kwa picha za ndege ikatoa ramani ambazo bado wanafunzi wetu wanazikunja na kuzikunjua. Majina ya vilima na mito yaliyomo yalitoka midomoni mwa wenyeji. Karatasi nyingi za asili ziko Uingereza.

Maktaba ya Uingereza iliyoko London ilifanya jambo la maana: ilipiga picha mamia ya ramani za kijeshi za Afrika Mashariki, za kati ya mwaka 1890 na 1940, ikaziweka mtandaoni bila malipo. Nashukuru, na nasema hivyo bila kejeli. Lakini Oktoba 2023 maktaba hiyo ilivamiwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Anayesoma nchi yake kwenye kabati la jirani analazimika kungoja jirani azibe ufa wa ukuta wake.

Kuna wanaoogopa kwamba kila kitu kikiwa bure, kazi itakufa. Tuangalie Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha za uso wa dunia tangu mwaka 1972. Kwa miaka mingi picha moja iliuzwa kwa mamia ya dola, na kuna kipindi ilifika maelfu. Mwaka 2008 hazina yote ikafunguliwa bure. Setilaiti hazikuanguka. Kilichotokea ni kwamba watumiaji waliongezeka mno, na leo mwanafunzi mwenye bando na uvumilivu anaweza kulinganisha mikoko ya Rufiji ya miaka ya themanini na ya mwaka jana, akiwa Mlimani, bila kumwomba mtu ruhusa. Zililipiwa na walipa kodi wa Marekani, kweli. Ndiyo maana ni mfano mzuri: aliyelipa aliamua kwamba kujua hali ya dunia hakupungui kwa kugawana.

Sasa tusijifanye malaika. Sisi wenyewe je? Nenda katika maktaba za vyuo vyetu uulizie tasnifu za wanafunzi wa jiografia. Nyingi zipo, zimejalidiwa vizuri, na zinasomwa palepale tu, haziruhusiwi kutoka. Ndani yake kuna vijiji, visima, mashamba na mafuriko. Hakuna mzungu aliyezifungia humo. Na hata ile iliyowekwa mtandaoni bure imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaaluma ambacho mzee wa mtumbwi hatakisoma. Kufungua mlango ni hatua ya kwanza tu kama aliyekupa habari hajui hata kwamba mlango upo.

Nyerere, katika miaka ya 1960, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wengine chakula. Akichukua asirudi, alisema, ni msaliti. Mfano ule kwa kawaida tunausikia kuhusu ajira na utumishi. Mimi nausikia kuhusu maarifa pia.

Kurudi kunawezekana. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi walizunguka na wakazi wa kata zinazofurika, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba, na ramani ikawekwa wazi kwa kila mtu. Hapa napo pana mtego. Ramani inayoonyesha nyumba gani itaingia maji inaweza kutumika kuokoa watu, au kuwahamisha kwa nguvu. Kwa hiyo kulipa deni hakuishii kwenye kumwaga kila kitu mtandaoni. Wenye nyumba wanapaswa kujua nini kimeandikwa juu yao, na kuwa na sauti.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Amevunja sheria, na alikuwa na njia nyingine: angemuuliza mkutubi, au angemwandikia mwandishi wa makala, maana wengi hufurahi wakaituma bure. Hilo nitamwambia. Lakini kumwita mwizi, huku waliochuma maarifa ya delta bila kurudi tukiwaita wataalamu, hapana, siwezi.

Ninachomdai mimi ni kingine. Akimaliza, aandike kurasa mbili za Kiswahili: nimekuta nini, mikoko imepungua wapi, mlichosema nimekielewaje. Azipeleke kwenye ofisi ya kijiji, zibandikwe ubaoni, na nakala moja ibaki maktaba ya chuo. Kutoa kopi ni shilingi mia chache. Dawa ya deni ni kulipa, na hili linalipika.