Shule Ni Mtoto wa Wasaa

Wahenga wa Rwanda wametuachia methali hii: Utaganiriye na se ntamenya icyo sekuru yasize avuze. Kwa Kiswahili, asiyezungumza na baba yake hatajua babu yake aliacha neno gani. Wangeweza kusema asiyemtii baba, au asiyefunzwa na baba. Wakachagua mazungumzo. Amri hutolewa mlangoni, mtu akiwa amekwisha kuvaa kofia ya pikipiki. Mazungumzo hudai watu waketi.

Methali hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye neno ambalo kila nyumba ya Kigali yenye mtoto hulitamka asubuhi: ishuri. Teremka Kimisagara au panda Gikondo saa mbili ya asubuhi, utawakuta watoto wenye sare wakikimbilia huko, na nyuma yao sauti za wazazi zikiwahimiza. Siku hizi "ishuri" na "haraka" hutoka kinywani kwa pumzi moja, kana kwamba ni ndugu. Ukilifuata neno hilo mpaka lilikozaliwa, utagundua kwamba mwanzoni yalikuwa mahasimu.

Wanyarwanda walilipata kwa Waswahili, wanaosema shule. Ulimi wa Kinyarwanda ukaigeuza l kuwa r. Waswahili nao walilipata kwa Wajerumani, waliosema Schule. Richard Kandt, daktari aliyekuja nchi hizi kutafuta chimbuko la mto Nile, ndiye aliyeweka makao ya utawala wa Kijerumani hapa Kigali mwaka 1907, na nyumba inayoitwa kwa jina lake kule Nyarugenge sasa ni makumbusho. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, makarani na wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani enzi hizo, na mpaka leo ukikizungumza huhitaji mkalimani Biryogo au Nyamirambo. Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kilikuwa kimeshakaa darasani miaka mingi kwa majina mengine: ishuri, umwarimu, igitabo, ikaramu.

Majirani wana njia zao. Zanzibar, iliyotawaliwa na Waingereza, ilichukua kwao skuli. Waganda walitumia chao wenyewe wakasema essomero, mahali pa kusomea. Mashariki ya Kongo mtoto huenda masomo. Sisi wa ishuri na shule ndio tuliobeba neno la Mjerumani, na Mjerumani hakulibuni. Alilipata kwa Warumi, waliosema schola, na kutoka kwao likaenea bara lote la Ulaya. Mwitalia anasema scuola, Mhispania escuela, Mreno escola, Mfaransa école, Mwingereza school, Mswidi skola, Mpolandi szkoła, Mrusi shkola, na Mhungaria, ambaye lugha yake haina udugu na hizo zote, naye anasema iskola.

Warumi walilipokea kwa Wagiriki. Na huko Ugiriki neno lenyewe, skholē, halikuwa na kengele, wala dawati, wala fimbo. Maana yake ilikuwa wasaa. Shina lake ni tendo la kushika na kuzuia, basi skholē ni kule kujizuia na pilika, kusita, kujipa nafasi. Kwanza lilitaja muda usio na kazi. Kisha likataja jambo ambalo watu huru walipenda kulifanya katika muda huo, yaani kukaa na kujadiliana juu ya haki, nyota, miungu na utawala wa mji. Mwisho likataja mahali walipokutania.

Wagiriki walikwenda mbali zaidi. Kwao wasaa ndio uliokuwa kitu kamili, na shughuli ndiyo iliyopewa jina la upungufu: askholia, hali ya kukosa wasaa. Aristotle alifundisha kwamba tunajinyima wasaa ili baadaye tuupate, kama vile watu wanavyopigana vita ili wapate amani. Warumi walifanya vilevile kwa Kilatini chao. Wasaa uliitwa otium, na biashara ikaitwa negotium, yaani kisicho wasaa. Ndiyo maana hadi leo duka kwa Kiitalia ni negozio. Hata shule ya watoto wadogo Warumi waliiita ludus, neno lile lile la mchezo.

Msomaji ataniuliza: haya ya Athens na Roma yanatuhusu nini sisi wa vilimani? Yanatuhusu kwa sababu wazee wetu waliyajua bila kuambiwa na Mgiriki. Kinyarwanda kina neno igitaramo, makutano ya jioni ambapo kazi za mchana zimekwisha, ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, na watu wanaketi pamoja. Hapo ndipo imigani iliposimuliwa, hadithi ndefu na methali fupi. Hapo ndipo nyanya alipoita "Sakwe sakwe!" na wajukuu wakaitikia "Soma!" kisha kitendawili kikatolewa, kikazungushwa, kikakosewa, kikapatikana. Hakuna aliyewaambia watoto kwamba wanasoma. Lakini kitendawili kilikuwa kinanoa akili, hadithi ilikuwa inapima tabia, na majina ya mababu yalikuwa yanawekwa mahali ambapo hayatapotea.

Vijana wa kiume walikuwa na itorero. Neno hilo linatokana na gutora, kuchagua, na waliofunzwa humo wakaitwa intore, wateule. Walijifunza kucheza ngoma, kurusha mshale, kuruka juu, kusema mbele za watu, na kujisifu kwa ufasaha, kwa mtindo unaoitwa kwivuga. Wasichana walikuwa na urubohero, mahali pa kusukia mikeka na vikapu. Mikono ikisuka, wakubwa waliwafunda wadogo namna ya kuishi na watu.

Angalia basi kwamba wasaa wa wazee haukuwa uvivu. Mvivu hukimbia kazi na bado hana nafasi ya lolote. Intore aliyetakiwa kuruka juu hakuwa amelala kivulini, na binti aliyesuka agaseke, kile kikapu chenye mfuniko uliochongoka, alihesabu kwa vidole na macho mpaka pambo likakaa sawa. Wasaa ni muda ambao mtu hafukuzwi na kitu, kwa hiyo anaweza kulitazama jambo moja mpaka limfungukie. Waislamu wa Biryogo wanaikumbuka hadithi ya Mtume Muhammad juu ya neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake: afya na faragha. Faragha hiyo ni wasaa huu ninaousema. Mwenye nao huupuuza, na akiukosa ndipo anapojua thamani yake.

Ilikuwaje basi neno lililozaliwa na wasaa likafika kwetu likiwa limeshika kengele? Lilifika na serikali iliyotaka watu wa kazi. Mkoloni alihitaji karani, mkalimani na mtoza kodi. Mwaka 1929 mabruda wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji walifungua shule kubwa ya Astrida, mji unaoitwa leo Huye, na ndani yake wakatayarishwa wasaidizi wa utawala, wengi wao wana wa machifu. Shule hiyo ilitoa watu wenye uwezo mkubwa, hilo halina ubishi. Lakini ilimzoesha mzazi wa Rwanda kuamini kwamba shule ni mlango wa ofisi, na kwamba mtoto huingia humo ili atoke akiwa na cheo.

Kisha likaja baya zaidi. Shule ilianza kuhesabu watoto kwa makundi. Kwa miaka mingi baada ya uhuru wa 1962, mwalimu aliweza kuingia darasani na kuamuru Wahutu wasimame, kisha Watutsi wasimame, na nafasi za sekondari zikagawanywa kwa ukabila na kwa maeneo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, walimu, madaktari na wanasheria walikuwa miongoni mwa waliopanga na walioua. Vyeti walikuwa navyo. Hakuna atakayedai kwamba saa ya mazungumzo peke yake ingeyazuia hayo. Lakini darasa lile lilimpa mtoto majibu mengi ya kukariri, na halikumpa nafasi ya kuuliza swali moja: mwalimu, kwa nini unatusimamisha hivi? Elimu isiyoacha nafasi ya swali humfanya mtu awe mwepesi wa kutii, na mwepesi wa kutii hutumiwa na yeyote.

Taifa limejifunza, na tusiwe wachache wa shukrani. Mwaka 2007 itorero lilirudishwa, na vijana wanaomaliza sekondari wakaanza kupitia humo kufunzwa uraia na utu. Novemba 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kuanzia Januari iliyofuata masomo yaanze saa mbili na nusu asubuhi na kazi za ofisini saa tatu, mojawapo ya nia ikiwa ni ustawi wa familia. Yaani serikali ya zama hizi, yenye haraka ya maendeleo kama tunavyoijua, ilikiri kwamba watoto na wazazi wanahitaji kupumua.

Lakini serikali inaweza kusogeza saa ya kengele tu, kutuketisha haiwezi. Ile nafasi ya asubuhi tumeifanyia nini? Nyumba nyingine zimeijaza usingizi, na usingizi si haba kwa mtoto. Nyingine zimeijaza simu. Jioni nayo ina mafunzo ya ziada, kazi za nyumbani na mazoezi ya mtihani wa darasa la sita. Mzazi anamlipa mwalimu wa ziada azungumze na mwanawe, kisha anashangaa kwamba mtoto hana la kumwambia yeye.

Na mazungumzo yenyewe sasa yanahitaji muda mrefu kuliko zamani. Kigali imejaa nyumba ambamo babu alisoma kwa Kifaransa, mama alikulia uhamishoni Uganda au Tanzania akasoma kwa Kiingereza au Kiswahili, na mtoto anajua maneno ya sayansi kwa Kiingereza tu, kwa kuwa tangu 2008 shule ziligeukia lugha hiyo. Hawa watatu wakikaa mezani, mmoja husita kutafuta neno, mwingine humsaidia, wa tatu hucheka kosa. Kusita huko kuna faida kubwa. Mtoto anayemfafanulia babu yake kwa Kinyarwanda kile alichofundishwa kwa Kiingereza hugundua papo hapo kama amekielewa au amekikariri. Lakini ni nani atakayemsubiri akitafuta neno, ikiwa kila mtu ana pahali pa kukimbilia?

Ushauri wangu kwa wazazi wenzangu, basi, hauna gharama. Chagueni jioni moja ya juma iwe ya igitaramo. Simu ziwekwe chumba kingine. Mkubwa aanze kwa "Sakwe sakwe!" hata kama vitendawili anavyovikumbuka ni viwili tu, watoto wataleta vyao, na vingine watavibuni. Mtoto akiuliza swali lisilo na jibu, msimkatize kwa kumwambia akasome. Hapo ndipo anaposoma. Uburere buruta ubuvuke, malezi hupita nasaba, na malezi hayapatikani kwa kuhimizana mlangoni.

Liko sharti moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Wasaa wa Athens ule tuliousifu ulisimama juu ya migongo ya watumwa waliolima, waliopika na waliochimba fedha katika migodi ya Laurion, na wanawake wa watu huru walibaki ndani. Wachache walijadili haki kwa sababu wengi walinyimwa. Wala makao ya wafalme wa zamani hayakuwa na intore bila watu wa kulima na kuchunga. Sisi nasi tunao wetu. Katika nyumba nyingi za Kigali yumo binti wa kazi aliyetoka kijijini, anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, na mara nyingi umri wake haumzidi sana mtoto anayemwandalia mkoba wa shule. Tukiketi kuzungumza juu ya utu naye akibaki jikoni, tutakuwa tumeirudisha skholē ya Wagiriki na kosa lake lile lile.

Kwa hiyo jioni hiyo kazi igawanywe kwanza. Baba akusanye sahani, mtoto wa kiume afagie, wa kike apumzike zamu yake, vyombo vioshwe na mikono mingi vimalizike upesi. Kisha waketi wote, na yule binti aketi nao, atoe kitendawili cha kwao. Ukitaka kupima kama nyumba yako ina wasaa au ina starehe ya wachache tu, mtazame yeye: kama bado amesimama, hamjaanza.