Mabawa ya Mungu na Nguo ya Boazi

Mtu akisema, "Mungu ni mwaminifu, hamwachi mjane," amesema kweli. Lakini yafaa tuulize: neno hili latupunguzia kazi, au latuongezea?

Swali hili lilinijia katika mwaka mmoja wa njaa. Mama mjane alikuja kwangu jioni, amechukua kikapu kitupu. Ghalani mwangu mlikuwa na mahindi, si mengi, wala si haba. Nikahesabu watoto wangu, nikahesabu na miezi iliyobaki hata mavuno, kisha nikamwambia, "Pole, mama, Mungu atakupa." Akaitikia, "Amina," akaenda zake. Usiku ule sikupata usingizi. Neno nililolisema lilikuwa la kweli, nami kwa neno hilo la kweli nalimfungia mlango.

Alfajiri nalifungua Kitabu cha Ruthu. Ruthu alikuwa Mmoabi, mgeni, tena mjane, akaenda kuokota masazo ya shayiri katika shamba la Boazi huko Bethlehemu. Torati iliwakataza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni kabisa, wala wasirudie mganda waliousahau, bali wamwachie mgeni, yatima na mjane. Na sababu ilitajwa: wakumbuke ya kuwa wao wenyewe walikuwa watumwa Misri, na Mungu akawatoa. Basi uaminifu wa Mungu haukutajwa ili wakae kitako. Ulitajwa ili waache masuke shambani.

Boazi aliizidi sheria. Aliwaamuru vijana wake wachomoe masuke katika miganda na kuyaacha kwa makusudi, wala wasimkemee. Jioni Ruthu alipopura alipata efa moja hivi, yapata lita 22, yaani debe moja na zaidi. Labda Boazi alimkumbuka Rahabu, mgeni wa Yeriko, ambaye Mathayo amtaja kuwa mama yake.

Tena liko jambo la kuangaliwa sana. Siku ile ya kwanza Boazi alimwombea Ruthu thawabu kwa Mungu, ambaye alikuwa amekimbilia mabawa yake. Ilikuwa sala njema. Baadaye, usiku, kiwanjani pa kupuria, Ruthu alimsihi Boazi atandaze upindo wa nguo yake juu yake, ndiyo kumwoa na kumkomboa. Katika Kiebrania bawa na upindo wa nguo ni neno moja, *kanaf*. Ni kana kwamba alimwambia: Bwana, mabawa uliyoniombea ndiyo nguo uliyoivaa. Wala Boazi hakukataa.

Labda mtu atasema, "Je, Mungu hawezi pasipo mimi?" Aweza. Asubuhi ile nalijitwika mahindi, nikaenda kwa yule mama. Nikakuta chungu ki motoni. Jirani yake, aliye na kidogo kuliko mimi, alikuwa amempa unga tangu jana. Nikatua mzigo wangu, akanishukuru kwa furaha, nami nikaona haya. Uaminifu wa Mungu haukupungua hata kidogo. Aliyepungukiwa ni mimi.

Basi, ndugu zangu, tusiache kuwaombea maskini. Lakini tukiisha kusema "Amina," na tuitazame nguo tuliyoivaa, na ghala tuliyoifunga.