Shauri la Mtoto

Je, mtoto wa miaka saba aweza kukata shauri la imani? Na akilikata, mzazi alichukuliaje? Maswali haya hayaishi kuulizwa hapa kwetu Njombe na Makambako, ambako nyumba moja yaweza kuwa na bibi Mlutheri, baba Mkatoliki na binti anayesali kwa Wapentekoste. Kila mmoja ana jibu lake. Mlutheri na Mkatoliki humbatiza mtoto angali mchanga, kisha humngojea akue apate kipaimara. Mpentekoste hungoja mtoto ajue atendalo, ndipo ambatize kwa kumzamisha majini. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 humhesabu mtoto aliyetimiza miaka saba kuwa amekwisha kupata akili ya kupambanua mambo.

Mimi nimetumia miaka mingi kuwafundisha walimu. Jambo moja sikuchoka kuwaambia wanachuo kabla hawajakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha: mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" darasa zima litaitika, "Ndiyo, mwalimu!" Itikio hilo si la uongo, lakini pia si ushahidi. Ni adabu. Mtoto huusoma uso wa mkubwa kabla hajausoma ubao. Basi, watoto wa shule ya Jumapili wakiambiwa wanyoshe mikono wale wanaompenda Yesu, mikono yote itapanda, hata ya yule aliyekuwa akichezea kifungo cha shati. Mikono hiyo ni mizuri, lakini tusiihesabu kuwa mavuno.

Hata hivyo, tusikimbilie upande wa pili tukasema kwamba mtoto hana imani. Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1886, katika enzi ya Kabaka Mwanga, Kizito aliuawa kwa moto pale Namugongo akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Pamoja naye alikufa Mbaga Tuzinde, kijana aliyelelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka mwenyewe. Mukajanga alimsihi mwanawe aiache imani hiyo ili apone. Kijana akakataa. Huyu hakuwa akimwitikia mkubwa wake ili kumridhisha. Aliweza kusema "hapana" mbele ya mtu aliyempenda, na kwa hiyo "ndiyo" yake kwa Mungu ilikuwa na uzito.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo lenyewe. "Ndiyo" ya mtoto huwa shauri pale tu ambapo angeweza kusema "hapana" asinyimwe chakula wala upendo. Haitoshi kujua umri wake. Yatupasa kuitazama nyumba anamoishi.

Wapo wasomi wanaosema: basi tusimfundishe lolote, tumwache akue achague mwenyewe. Sikubaliani nao. Mtoto wa Kibena hakuchagua Kibena. Alikinyonya pamoja na maziwa, na baadaye akajifunza Kiswahili bila kukatazwa na mtu. Hakuna achaguaye katika sahani tupu. Timotheo wa Biblia aliipata imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na hakuna aliyemwambia kwamba imani hiyo haikuwa yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wampa mtoto uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na papo hapo watambua haki na wajibu wa mzazi wa kumwongoza kadiri anavyokua. Naona maneno "kadiri anavyokua" yana hekima kubwa. Mkono unaomshika mtoto wa miaka minne sharti ulegee afikapo kumi na minne.

Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunayo sababu yetu wenyewe ya kuwa wapole. Wamisionari wa Berlin waliingia upande wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na baadaye wakafika Ubena. Miongoni mwa waliobatizwa walikuwamo vijana ambao baba zao waliendelea na matambiko ya ukoo. Ukristo tunaoulinda leo kwa ukali ulianza na watoto wasiokubaliana na wazazi wao. Mjukuu wa vijana hao akitaka kusali mahali pengine, twamkemea kwa jina la mababu!

Methali yatuambia samaki tumkunje angali mbichi. Haikusema tumvunje. Mzazi Mkristo na amfundishe mwanawe kusali, ampeleke kanisani, na zaidi ya yote amwonyeshe maisha yanayofanana na sala hizo, maana mtoto hugundua upesi mahali ambapo hayafanani. Siku mtoto atakapouliza swali gumu, au kukataa, asitupiwe kitabu cha kipaimara. Aulizwe kwa nini, asikilizwe mpaka mwisho, kisha aitwe mezani kula kama kawaida.