Kudumu Kwenye Kiti, Kudumu Kwenye Kazi

Fred Risser aliapishwa kuwa mbunge wa jimbo la Wisconsin, Marekani, mwezi Januari 1957. Ghana ilikuwa imebakiza miezi miwili kupata uhuru, na Tanganyika ilikuwa na karibu miaka mitano ya kungoja. Akaja kuondoka Januari 2021, akiwa na umri wa miaka 93. Katika muda huo walipita marais 12 wa Marekani na magavana 13 wa jimbo lake. Alianzia Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo, mwaka 1962 akachaguliwa kuingia Seneti yake, na humo akabaki, mara kadhaa akiwa rais wa Seneti hiyo. Katika historia ya nchi hiyo, hakuna aliyetunga sheria kwa miaka mingi zaidi yake, jimboni wala katika bunge la taifa.

Mtu akisikia miaka 64, swali la kwanza humjia ulimini lenyewe: alikuwa anang'ang'ania nini? Swali hilo ni la haki. Tumewaona viongozi waliogeuza kiti kuwa urithi wa nyumba yao, na nasaba ya Risser ingeweza kututia shaka zaidi, kwa maana baba yake, babu yake na baba wa babu yake wote waliwahi kukaa katika bunge hilohilo. Lakini tukitazama vizuri tunaona jambo jingine. Yule wa kwanza kuingia, baba wa babu yake, Clement Warner, aliyepoteza mkono katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikuwa Republican. Baba yake Risser alikuwa wa chama cha Progressive, ambacho baadaye kilikufa. Yeye mwenyewe alikuwa Democrat. Kilichorithiwa katika ukoo ule hakikuwa chama. Ilikuwa imani kwamba kazi ya kutunga sheria inastahili maisha ya mtu, na kila kizazi kililazimika kurudi kwa wapiga kura kuomba ruhusa upya.

Kama tunataka kujua miaka hiyo ilizaa nini, tutazame moshi wa sigara. Wakati Risser anaingia bungeni, watu walivuta ofisini, hospitalini, hata ndani ya ndege. Wisconsin ilipata sheria yake ya awali ya hewa safi majengoni katika miaka ya 1980, lakini baa zilibaki na moshi wake. Hili ni jimbo la bia, jimbo la Milwaukee na viwanda vyake, na chama cha wenye baa kina sauti kubwa bungeni. Utaratibu wenyewe nao ni mgumu. Muhula wa bunge ni miaka miwili. Muswada usiopita ndani ya muhula hufa, na anayeutaka huanza tena mwanzo: kuuandika, kuupeleka kwenye kamati, kusikiliza pingamizi zilezile kutoka kwa watu wapya. Risser alikuwa mstari wa mbele wa vita hiyo kwa miaka mingi. Mwezi Mei 2009 Gavana Jim Doyle alitia saini katazo la kuvuta sigara katika sehemu za kazi, baa na mikahawa ikiwemo, na tarehe 5 Julai 2010 likaanza kutumika.

Mfikirie mhudumu wa baa aliyeingia kazini jioni ile. Kwa miaka alikuwa akirudi nyumbani nguo zikinuka tumbaku asiyoivuta, kifua kikibeba madhara ya starehe ya wengine. Kuanzia siku hiyo akapumua. Huenda hakulijua kabisa jina la seneta yule. Mvumilivu hula mbivu, tunasema. Ila katika utumishi wa umma mvumilivu hulima, na mbivu huliwa na wengine. Hapo ndipo thamani ya kudumu ilipo. Yapo mema yasiyoiva kwa muhula mmoja, na yanahitaji mtu anayekumbuka muswada ulikwama wapi, nani aliupinga, na kwa hoja gani.

Kudumu kulimweka pia mahali pagumu. Februari 2011, Gavana Scott Walker alipoleta muswada wa kupunguza haki za vyama vya wafanyakazi wa umma kujadiliana na mwajiri wao, maseneta wote 14 wa Democrat walivuka mpaka kwenda Illinois ili akidi isitimie. Risser, mwenye miaka 83, alikuwa mmoja wao. Wapinzani wao walisema kwamba aliyeshindwa katika uchaguzi hana haki ya kuufungia mlango uamuzi wa wengi, na hoja hiyo ina uzito. Maseneta wale walijibu kwamba wananchi walihitaji muda wa kujua kilichokuwa ndani ya muswada, na maelfu waliojaa katika jengo la bunge mjini Madison walionyesha kwamba muda huo ulitumika. Muswada ulipita hata hivyo, baada ya kuondolewa vifungu vya fedha vilivyohitaji akidi ile. Ninaloliheshimu ni kwamba mzee yule, ambaye angeweza kusingizia umri, aliibeba lawama pamoja na wenzake, kisha akarudi kitini kuendelea na kazi baada ya kushindwa.

Haifai kumpamba kupita kiasi. Madison, alikochaguliwa, ni ngome ya chama chake, na mwenye ngome hajaribiwi kama mwenye uwanja wa wazi. Kukaa kwake muda mrefu kulimaanisha pia kwamba vijana wenye uwezo walingoja. Lakini mwaka 2020 alitangaza mwenyewe kwamba hatagombea tena, na kiti kikaenda kwa mwingine kama kilivyomfikia yeye: kwa kura.

Cheo ni dhamana, na dhamana haipimwi kwa kalenda. Yupo anayekaa miaka mitano ikawa mirefu mno, kwa sababu hana alichokuja kufanya. Yupo anayekaa sitini na bado ana muswada mkononi. Kwa hiyo mbunge wetu anapokuja kuomba muhula mwingine, tusiishie kumhesabia miaka. Tumuulize ni kazi gani aliyoianza ambayo haijakwisha, na nani ataishika siku atakapoondoka. Mwenye majibu ya maswali yote mawili anastahili kusikilizwa. Asiyekuwa nayo apumzishwe, hata kama ni muhula wake wa kwanza.