Je, Kufika Salama Kunatosha?

Waswahili husema ajali haina kinga. Kwetu Busia methali hii husikika sana matangani, na sina ugomvi nayo inapomfariji mfiwa. Ugomvi wangu ni pale inapotumiwa kuzima swali muhimu: aliyeongoza chombo alijua nini alipoamua kuondoka?

Nianze na marubani, kwa sababu wao wameliwekea swali hili utaratibu. Kabla ya kuruka, rubani huizunguka ndege akiikagua, kisha husoma kitabu cha kumbukumbu za ufundi. Akikuta kasoro, haulizi moyo wake peke yake. Ipo orodha iliyoidhinishwa inayoeleza ni vifaa gani vinaweza kuwa vibovu na ndege bado ikaruhusiwa kuruka, kwa masharti gani, na vitengenezwe kwa muda gani: vingine ndani ya siku 3, vingine 10, vingine hata 120. Kifaa muhimu kwa usalama ambacho hakimo katika orodha hiyo kikiharibika, ndege hairuki. Hekima ya orodha hii ni kwamba iliandikwa na watu waliotulia, siku ambayo hapakuwa na abiria anayetazama saa.

Hata hivyo, orodha huruhusu tu, hailazimishi. Kasoro mbili ndogo zikikutana na mvua na usiku zaweza kuwa hatari moja kubwa. Neno la mwisho ni la rubani mkuu, na nafasi yake ya kulisema ni finyu. Kabla ya kila safari hukokotolewa mwendo wa uamuzi, kulingana na uzito wa ndege na urefu wa njia ya kurukia. Chini ya mwendo huo rubani anaweza kusimama. Akishaupita, hulazimika kuruka hata injini moja ikizimika, kwa kuwa njia iliyobaki haitoshi kusimamia.

Mji wetu unajua uzito wa dakika hizo. Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyowabeba mawaziri wa serikali mpya ya Kenya iliruka kutoka uwanja mdogo wa Busia, ikagonga nyaya za umeme na kuanguka. Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, alifariki pamoja na marubani wote wawili. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini habari hiyo nimesimuliwa mara nyingi. Sijawahi kusimuliwa habari ya ndege ambayo haikuruka. Nani angeisimulia, na hakuna kilichotokea?

Hapo ndipo penye ugumu. Anayeondoka akaanguka hulaumiwa, na anayeondoka akafika husifiwa. Anayekataa kuondoka hana cha kuonyesha, maana msiba alioukinga, kama ulikuwepo, hauonekani.

Mjomba wangu ni dereva wa lori. Asubuhi moja alitakiwa kupeleka mzigo Tororo. Alisikia upepo wa breki ukivuja, akasema haondoki mpaka fundi aje. Tajiri wake alimpa ufunguo dereva mwingine. Lori lilifika Tororo, likashusha mzigo, likarudi jioni. Mjomba alikaa wiki tatu bila kazi, na wenzake wakamwita mwoga.

Je, alikosea? Wengi watasema matokeo yameshajibu. Mimi nasema hayajajibu lolote. Anayevuka barabara akiwa amefumba macho anaweza kufika ng'ambo, lakini hatutawafundisha watoto kuvuka hivyo. Kufika kwa lori kunatueleza kilichotokea, hakutuelezi kama ilikuwa busara kuondoka.

Lipo pingamizi la haki. Madereva wakikataa kwa kila mlio, nyanya zitaoza mpakani na watoto watakosa karo. Ni kweli, na ndiyo maana marubani hawakuliachia jambo hili hofu ya mtu mmoja. Lakini rubani akikataa ana sheria nyuma yake. Mjomba alikuwa na masikio yake tu. Tunamtaka dereva awe mwadilifu, kisha tunamwacha alipe gharama ya uadilifu huo peke yake.

Kwa hiyo wajibu hauishii kwa anayeshika usukani. Unamhusu tajiri mwenye chombo, na unatuhusu sisi abiria tunaopiga kelele matatu iondoke. Ajali huenda haina kinga, lakini kasoro iliyoonekana kabla ya safari bado si ajali. Ni habari, na aliyeipata ana deni la kuishughulikia. Tukitaka kumhukumu dereva au rubani, tumhukumu kwa alichokijua saa ya kuondoka, hata kama wote walifika salama.