Haki ya Kiti na Damu ya Watu



Baada ya ibada kijana mmoja aliniuliza: "Mchungaji, mtu akinyang'anywa haki yake, aipiganie mpaka wapi?" Sikumjibu upesi. Nilikumbuka habari ya Uingereza tuliyosoma chuo cha Biblia katika historia ya Kanisa.

Mwaka 1120 merikebu ilizama karibu na pwani ya Normandy, akafa William, mwana pekee wa halali wa mfalme Henry wa Kwanza. Akabaki binti, Matilda. Mwaka 1127 mfalme akawaapisha maaskofu na wakuu wa nchi kwamba yeye akifa watampokea Matilda. Stephen, mpwa wa mfalme, aliapa pamoja nao.

Mfalme akafa Desemba 1, 1135. Stephen hakungoja hata mazishi. Alivuka bahari, na Desemba 22 akatiwa taji Westminster. Askofu mkuu aliyemtia taji naye alikuwa ameapa kwa Matilda! Wakajitetea kwamba kiapo kilikuwa cha kulazimishwa, na kwamba mzee alibadili nia akiwa kitandani pa mauti. Ndugu zangu, mtu akitaka kuvunja kiapo hakosi sababu.

Basi Matilda alikuwa na haki. Mwaka 1139 akaja kuidai kwa vita. Mwaka 1141 Stephen akakamatwa Lincoln, na Matilda akaingia London. Lakini aliwadai wenyeji fedha nyingi, wala hakusikiliza maombi yao, nao wakamfukuza kabla hajavikwa taji. Baadaye mwaka huohuo Stephen akabadilishwa na mateka wa upande wa pili, na vita vikaanza upya.

Na raia je? Mtawa mmoja wa Peterborough aliandika habari zao. Wakubwa walijenga ngome kila mahali, wakawakamata watu na kuwatesa ili watoe mali. Vijiji vilitozwa kodi, na visipokuwa na kitu tena vikachomwa moto. Mkulima wa pale hakuapa kwa yeyote, wala hakuna aliyemwuliza anamtaka nani. Sisi tuliokimbia makwetu hatuhitaji kufafanuliwa.

Hapa ndipo penye swali la kijana wetu. Wengine husema: mwenye haki asirudi nyuma, akirudi amembariki mwongo. Neno hilo lina uzito, silidharau. Lakini tukumbuke wanawake wawili mbele ya Sulemani. Mama wa kweli alikuwa na haki yote, akakubali kuiachilia ili mtoto asikatwe. Hakusema uongo kwamba mtoto si wake. Alikataa tu mtoto alipe gharama ya haki ya mama.

Mwaka 1153 Henry, mwana wa Matilda, alikutana na jeshi la Stephen huko Wallingford. Wakuu wa pande zote wakakataa kupigana. Si kwa utakatifu tu. Waliogopa pia kupoteza mali zao. Mwezi Agosti Eustace, mwana wa Stephen, akafa. Ndipo Theobald, askofu mkuu wa Canterbury, akawapatanisha pamoja na askofu Henry wa Winchester, ndugu yake Stephen, yule yule aliyemsaidia kupata kiti. Wakapatana: Stephen atawale mpaka kufa, Henry awe mrithi wake, na ngome zilizojengwa vitani zibomolewe. Stephen akafa mwaka 1154, na Henry akatawazwa kwa amani.

Angalieni: haki ya ukoo wa Matilda haikufutwa, ila ilingoja. Yeye mwenyewe hakuketi kamwe katika kiti kile; alimwona mwanawe akikikalia.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu langu ni hili. Usiuite uongo kweli ili upate amani. Dai haki yako kwa maneno, kwa mashahidi, kwa uvumilivu. Lakini siku utakapoona wanaolipa ni watoto wa watu wengine, simama. Na wewe uliyeapa, timiza kiapo chako. Miaka ile yote ya vita ilianzia pale.

Mungu awabariki.