Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 14: Ahadi ya Haramu Inatimizwa?



Ndugu zangu waumini, juzi baada ya tarawehe kijana mmoja alinivuta pembeni akaniuliza: "Ustadh, mtu akiahidi jambo lisilofaa halafu asitimize, si anakuwa na alama ya unafiki?" Nikamjibu kwa ufupi, lakini swali likabaki kichwani. Leo tulitazame kwa kisa cha kweli kutoka Marekani, kwenye michezo ya vyuo vikuu.

Kule vyuo hugombania vijana wenye vipaji kama timu zetu zinavyogombania washambuliaji. Kanuni za chama chao cha michezo, NCAA, miaka ile zilikuwa wazi: mchezaji apewe ufadhili wa ada, malazi na chakula. Mshahara hapana, bahasha ya siri hapana. Kila chuo mwanachama kilikubali hivyo.

Chuo cha Southern Methodist, mjini Dallas, kilikuwa na timu kali ya mpira wa Kimarekani. Matajiri mashabiki wake waliwalipa wachezaji kwa siri. Mwaka 1985 wakaadhibiwa. Ungedhani wataacha, sivyo? Viongozi wakaona: wapya tusiwalipe, lakini hawa wa zamani tulishawaahidi, tuendelee nao mpaka wamalize. Wachezaji 13 wakapokea jumla ya takriban dola 61,000, wengine dola 50 kwa mwezi, wengine hadi 725. Februari 1987 NCAA ikafuta msimu mzima wa timu hiyo. Mpaka leo watu wanaiita "adhabu ya kifo". Mwezi uliofuata Bill Clements, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo na wakati huo ni gavana wa Texas, akakiri hadharani kwamba alishiriki kuamua malipo yaendelee.

Sasa tuwe waadilifu. Hoja yao ina sura ya wema. Vijana wale wengine walitoka familia duni, wameahidiwa na watu wazima, na wamekataa vyuo vingine kwa sababu ya ahadi ile. Kuwatupa ghafla nako ni dhulma. Tatizo liko wapi?

La kwanza, ile haikuwa ahadi yao pekee. Walishaahidi kabla, hadharani, mbele ya vyuo vingine, kwamba watafuata kanuni. Wenzao waliofuata kanuni walishindwa uwanjani kwa kuiamini ahadi hiyo. Huwezi kumlipa mmoja deni kwa kumuibia mwingine, kisha ukajiita mwaminifu.

La pili, Suratul Maida inaanza kwa kuwaamuru waumini watimize mikataba. Aya inayofuata tu inatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Zisomeni pamoja. Na Mtume ﷺ ametufundisha kwamba aliyeweka nadhiri ya kumuasi Allah, asimuasi. Ikiwa nadhiri, pamoja na uzito wake, haihalalishi maasi, ahadi ya kwenye simu itahalalisha nini?

Mtu atasema: "Lakini Ustadh, siku hizi wachezaji wale wanalipwa kihalali!" Kweli. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9, iliamua NCAA haiwezi kuwabana wachezaji katika misaada inayohusu masomo yao. Mwaka huohuo wakaruhusiwa kupata pesa kwa majina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Huenda basi kanuni ya zamani iliwadhulumu kweli, maana jasho la mtu lina haki yake. Lakini angalia njia. Shawne Alston na wachezaji wenzake walikwenda mahakamani mchana kweupe. Wale wa Dallas waliificha bahasha na kanuni ikabaki vilevile kwa wengine wote. Anayeiona sheria ni mbaya huisema mbele za watu. Anayeivunja gizani anataka iwabane wenzake, yeye apite.

Nami sijioni msafi. Nilipokuwa mwalimu kijana, kwenye michezo ya shule, niliombwa kuthibitisha fomu ya mchezaji ambaye hakuwa mwanafunzi wetu, mamluki kama tunavyowaita. Nikasaini, kwa sababu nilishasema "sawa, nitasaidia" na niliona haya kurudi nyuma. Tulishinda. Mwanafunzi wetu aliyeachwa nje alikaa kwenye benchi na viatu vya kuazima, hakuniuliza kitu. Neno langu nililitimiza, lakini gharama yake aliilipa mtoto yule.

Hicho ndicho kipimo ninachowaachia: gharama ya kuvunja ahadi mbaya inamwangukia nani? Inapasa ikuangukie wewe uliyeahidi. Nenda kwa uliyemuahidi, mwambie nilikosea, msaidie kwa njia ya halali hata kama itakutoa pesa na heshima. Ukiwa ulikula kiapo, kafara ipo: kulisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Mlango umeachwa wazi makusudi.

Leo kabla ya futari, kumbuka "nitakusaidia" moja uliyoitoa pasipostahili: kazi ya mpwa wako, tenda, cheti, nafasi ya shule. Piga simu, iondoe.

Ewe Mola wetu, tupe ujasiri wa kurudi nyuma pale tulipokwenda vibaya, na utupokelee funga zetu. Aamin.

Futari njema.